Wimbi Chini ya Ardhi

Inspekta Ambrosi alifungua mlango wa mahabusu kwa mkono wake mwenyewe. Mtu aliyekuwa ndani hakusimama. Alikuwa amekaa sakafuni, magoti kifuani, na shati lake lilikuwa limekakamaa mbele kwa uchafu uliokauka.

"Mujibu."

"Naam, afande."

"Gari la Mtwara linaondoka alasiri. Mkuu wa kituo ameshaandika kwamba umeua. Ukipanda gari hilo, jalada lako linatoka mikononi mwangu, na kosa lenyewe ni la kunyongwa. Umeelewa?"

"Nimeelewa."

"Basi nieleze tena habari ya ngazi."

Mujibu alitazama vidole vya miguu yake. "Habari ya ngazi siijui."

Mambo yaliyojulikana yalikuwa machache, na yote yalikuwa mabaya kwa mtu huyu. Mujibu alikuwa mlinzi wa bohari la maji hapo Newala. Jana asubuhi fundi wa kuchomelea vyuma, Gasper, alikutwa amekufa ndani ya tangi lililozikwa chini ya bohari hilo. Alikuwa na jeraha kichwani. Ngazi aliyoshukia haikuwemo ndani, ilikuwa imevutwa juu na kulazwa kwenye nyasi ndefu nyuma ya bohari. Na siku moja kabla ya hapo, mbele ya foleni nzima ya wanawake, Gasper alimwuliza Mujibu analinda nini hasa, maji au kinyesi, maana tangi lake linanuka. Watu walicheka. Mujibu alimshika ukosi wa shati akamwambia, "Nitakuzika humu humu."

"Shati lako lina matapishi," Ambrosi alisema.

"Niliona maiti, afande. Hofu."

"Maiti alitolewa kwa kamba mbele ya watu. Nimeuliza waliokuwepo. Hakuna aliyekuona ukitapika."

 Ambrosi akafunga mlango.

Koplo Esha, mwenyeji wa Kitangari, alikuwa akimngoja nje, kofia mkononi, mabega yamelowa. Ukungu wa kipupwe ulikuwa umelala juu ya mji tangu alfajiri na haukuonyesha nia ya kuondoka.

"Amesema?"

"Hajasema. Anaficha jambo, lakini sijui kama ni hilo tunalolitafuta. Majibu ya daktari?"

"Yamekuja kwa redio kutoka hospitali ya Ndanda. Mapafuni hamna maji, kwa hiyo hakuzama. Jeraha ni dogo na limetoa damu kidogo sana. Daktari anasema haliwezi kuua mtu mzima wa kiwiliwili kile."

"Basi amekufa kwa nini?"

"Hapo daktari hajui. Anasema moyo ulisimama."

"Moyo wa kila maiti umesimama, Koplo. Twende bohari."

Bohari hilo zamani lilikuwa la shirika la umma, la kuwekea mafuta ya magari yaliyobeba korosho. Shirika lilipokufa na biashara kufunguliwa kwa watu binafsi, Bwana Reginald, mfanyabiashara wa Masasi, alilinunua pamoja na tangi lake la chuma lililokuwa chini ya ardhi. Mafuta hayakuwa na faida kwake. Kitu kilichokosekana Newala kilikuwa maji. Bomba la mradi lilikuwa likikauka mara kwa mara, na asiyetaka kununua alishuka bondeni na ndoo, akapanda tena mwamba mzima akiwa nayo kichwani. Reginald akaliosha tangi, akanunua boza moja kuukuu, lori la kubebea maji, akaanza kuleta maji kutoka chemchemi za chini na kuyauza kwa ndoo.

Walimkuta amesimama kando ya rundo la mabati mazito yaliyotobolewa matundu, mikono nyuma. Tangu juma lililopita alikuwa akiuza maji moja kwa moja kutoka kwenye boza, na foleni ya wanawake ilijipanga ukutani, kimya kuliko foleni za siku zote.

"Haya ndiyo marehemu aliyokuja kuyafunga?" Ambrosi aliuliza.

"Ndiyo, Inspekta. Ni ya kuvunja wimbi."

"Wimbi gani chini ya ardhi?"

Reginald alionyesha kwa mikono. "Tangi ni refu, limelala kama gogo. Boza likifungua mpira wake mkubwa, maji yanaingia kwa kishindo. Yanakimbia mpaka mwisho ule, yanagonga, yanarudi mpaka mwisho huu, yanagonga. Yakianza hayaishi upesi. Ukisimama hapa unasikia ardhi inatikisika. Viungo vikaanza kuvuja. Na ukitumbukiza fimbo ya kupimia, mara inakuonyesha limejaa, mara nusu. Kila siku ugomvi na dereva. Gasper akasema tulikate tangi vyumba kwa mabati yenye matundu. Maji yanapita, lakini hayapati nafasi ya kukimbia."

"Alikuja lini?"

"Ndiyo shida. Alichelewa kule karakana, njia ya Ndanda, chuma hakikupatikana. Mvua za masika zote amenipiga tarehe. Lakini Mungu alisaidia, wimbi likapungua lenyewe."

Ambrosi aligeuka. "Lilipungua lenyewe?"

"Likatulia. Boza linamwaga, tangi linanguruma kidogo tu, basi. Nikasema alhamdulillahi... samahani, mimi Mkristo, lakini ukikaa sana na majirani unasema yao."

"Ulitazama ndani?"

"Kutazama nini? Kitu kimepona." Alilisukuma bati moja kwa mguu. "Juma lililopita Gasper alileta habari kwamba mabati yako tayari. Nikazuia boza lisimwage tena humo, nikaacha maji yapungue mpaka pampu ikashindwa kuvuta, kisha nikafunga mfuniko vumbi lisiingie. Likakaa hivyo mpaka jana alipolifungua."

"Na jana baada ya kumtoa?"

"Askari wako waliamuru lifungwe tena."

"Nani alishuka kumtoa?"

"Hakuna. Vijana walimvuta kwa kamba na kulabu. Walisema hawashuki, mle mna shetani."

Ambrosi alifanya ishara ya msalaba. Kisha akaiendea ngazi. Bado ilikuwa imelala kwenye nyasi nyuma ya bohari, na hakuna aliyeigusa. Alichuchumaa akaipitia kipandio kimoja kimoja kuanzia juu. Kwenye vipandio vya juu palikuwa na uchafu uliokauka, rangi ya uji.

"Koplo, njoo uone. Ni sawa na ule wa shatini?"

Esha aliinama. "Ni ule ule, afande. Basi alikuwa juu ya ngazi hii."

"Na ngazi ilikuwa tangini. Mtu hapandi ngazi iliyolala." Alisimama, magoti yakalia. "Alishuka kidogo, akatapika, akatoka. Aliyekusudia kumpiga mwenzake anatapika kabla hajafika chini?"

"Pengine mafuta ya zamani. Mvuke wake."

"Nimefikiri hivyo. Bwana Reginald, uliliosha kwa kitu gani?"

"Sabuni na mchanga, mara tatu nne hivi. Watu wanakunywa humo mwaka wa pili sasa. Yangekuwa mafuta wangeniua mimi kwanza."

Ambrosi aliamuru mfuniko ufunguliwe. Harufu iliyotoka haikuwa ya mafuta. Ilikuwa ya mayai viza. Wanawake waliokuwa karibu walivuta khanga puani.

"Nishushe taa tuone?" Esha aliuliza. "Ile ya chemli iko ofisini."

"Moto, ndani ya tangi lililowahi kuwa la mafuta? Unataka kutuzika sote leo?" Ambrosi alizungusha macho. Katika foleni alisimama mama wa makamo, ndoo mkono mmoja, na mkono wa pili tenga dogo lenye kuku wa kupeleka sokoni. "Yule ni nani?"

"Bi Zabibu," Esha alisema. "Ndiye anayepanga foleni hapa. Shikamoo, Bi Zabibu!"

"Marahaba, mwanangu. Mmekuja kutufungulia maji au kutufunga sisi?"

"Shikamoo, mama," Ambrosi alisema. "Huyo kuku unamuuza?"

"Namuuza kwa mwenye kununua. Polisi siku hizi wananunua?"

Wanawake walicheka, kicheko kifupi. Ambrosi alitoa noti bila kupatana bei.

"Kumbe kweli mambo yamebadilika," Zabibu alisema akiitia fedha kwenye pindo. "Mtamla hapa hapa?"

"Nataka awe shahidi."

"Basi mmepata shahidi anayetaga."

Ambrosi alifunga kamba kwenye mkono wa tenga, akalishusha polepole kupitia tundu la tangi. Kuku alilia akipita mdomoni mwa tangi. Alilia tena chini zaidi. Kisha yakasikika mabawa, yakipiga kuta za tenga kwa nguvu, na halafu hayakusikika tena. Tenga liligusa maji. Ambrosi alilivuta juu.

Kichwa cha kuku kilikuwa kimelala pembeni, jicho wazi. Foleni yote ilirudi nyuma hatua.

"Jini," mmoja alisema. "Si nilisema?"

"Mujibu yuko mahabusu," Ambrosi alisema kwa sauti ya kusikika. "Kuku huyu amepigwa na nani?"

 Ambrosi hakungoja jibu. Alikuwa akitazama chini ya tenga, mahali palipogusa maji. Palikuwa pamenasa kitu cheusi, chenye utelezi kama kitambaa kilichooza. Alikitandaza juu ya bati moja la Gasper. Kilikuwa majani. Majani mengi, yameshikana, na kijiti katikati.

"Mfuniko ulifungwa," alisema. "Na karibu na hapa hakuna mti. Haya yametoka wapi?"

 Ambrosi aliinua macho, na ndipo alipoziona ndoo. Zilizokuwa zimeshajazwa zilikuwa zimepangwa ukutani zikiwangoja wenyewe, na juu ya maji ya kila ndoo kilielea kitawi kibichi cha mkorosho.

"Koplo. Yale matawi ni ya nini?"

"Ya kutuliza maji, afande. Nyinyi wa Masasi mna maji karibu, hamyajui haya. Ukibeba ndoo kutoka bondeni bila tawi, kila hatua maji yanaruka. Unafika nyumbani na nusu, nusu nyingine iko mgongoni. Ukitia majani hayaruki." Esha aligeuka. Alitazama yale majani meusi juu ya bati, kisha akaweka mkono mdomoni.

"Ndiyo," Ambrosi alisema. "Wimbi lililotulia lenyewe."

Zabibu alikuwa amesogea. "Sasa kosa liko wapi? Tulisaidia. Tangi lilikuwa linapiga kama ngoma, na huyu bwana haturuhusu kuchota mpaka apime, na hapimi mpaka litulie. Tunakauka na jua hapa. Mama Bonifasi akasema, wanawake, ndoo tunaitia tawi, tangi nalo ni ndoo kubwa tu. Tukaleta mizigo. Kila boza likija, tunatia. Mujibu anatufungulia. Likatulia, halikutulia?"

"Mizigo mingapi?"

"Nani alihesabu? Masika nzima."

"Yalipozama mkatia mengine."

"Yakizama hayatulizi."

Ambrosi alimgeukia Esha, akasema taratibu ili naye aandike taratibu. "Majani yameoza humo masika nzima. Yakioza yanakula hewa nzuri na kutoa mbaya, na hewa hiyo ni nzito, inalala chini. Tangi lilipokuwa linajazwa na kuchotwa kila siku, hewa ilibadilika. Likafungwa juma zima, maji kidogo, majani mengi. Mtu akishuka hasikii hata maumivu. Anaanguka. Pale chini anagonga kichwa kwenye chuma. Niliona hivyo Makote, kwenye shimo la kisima cha zamani. Aliingia kaka, akamfuata mdogo wake. Walizikwa siku moja." Alimgeukia Zabibu. "Mama, hayo uliyosema, mwenzangu atayaandika, utaweka dole gumba."

Uso wa Zabibu ulibadilika. Alitazama kuku, akatazama tundu.

"Kuandika nini? Kwamba sisi ndio tumemuua Gasper?"

"Kwamba mlitia majani."

"Mimi sijatia. Nimesikia tu watu wakisema." Aliinyanyua ndoo yake kwa haraka, tawi likaanguka, hakuliokota. Ambrosi aliwatazama wengine mmoja mmoja. Kila aliyetazamwa alitazama chini. Walikuja kutafuta maji, na sasa walijiona wakipelekwa Mtwara katika gari moja na Mujibu.

"Aliyeanzisha ni Mama Bonifasi," Ambrosi alisema. "Ni nani huyo?"

Esha aliacha kuandika.

"Ni Flora, afande. Mke wa marehemu."

* * *

Ambrosi alimweka kuku sakafuni, mbele ya miguu ya Mujibu.

"Huyu ameshuka alikoshuka Gasper. Hakuna aliyemgusa. Sasa niambie habari ya ngazi."

Mujibu alimtazama kuku muda mrefu. Machozi yakaanza kumtoka bila sauti.

"Nilimwita hakujibu. Nikachungulia, nikamwona amelala kifudifudi. Nikashuka. Sikufika mbali, kichwa kikazunguka, nikatapika, miguu ikawa si yangu. Sijui nilipandaje. Nilipotoka nikaivuta ngazi, nikaificha nyasini."

"Kwa nini?"

"Watu wangesikia wangekuja mbio, afande. Wangeshuka. Mmoja, halafu wa kumtoa yule mmoja. Nikasema bora wasipate njia."

"Mbona hukueleza?"

"Nimwambie nani? Jana yake nimesema nitamzika. Leo niseme nimemwona yuko chini, nikavuta ngazi?" Alifuta pua kwa mkono. "Na kweli nilimwacha. Sijui kama alikuwa ameshakufa. Nilimwacha."

Ambrosi alimwokota kuku. Akiwa mlangoni aliambiwa kwamba mkuu wa kituo anamwita. Mkuu alisikiliza hadithi yote amesimama, kalamu mkononi.

"Kuku," alisema mwishoni. "Unataka nimwandikie mkubwa wangu kuku? Ngazi ilivutwa na mtu, na mtu huyo amekiri. Majani naweza kusema yaliletwa na mafuriko. Niletee mtu mmoja aliyeyatia kwa mkono wake, aseme lini na kwa nini. Gari haliningoji mimi wala wewe."

* * *

Msibani wanaume walikaa nje kwenye magogo, na ndani wanawake walikaa mikekani. Maiti ilikuwa bado haijaletwa kutoka Ndanda. Flora alikaa karibu na mlango, amejifunga khanga kichwani, macho makavu. Alipomwona Ambrosi akiingia na Esha alisema kabla ya salamu.

"Mmemnyonga?"

"Bado, Mama Bonifasi. Pole sana. Nina swali moja."

Shemeji yake, Safari, mdogo wake Gasper, aliingia akasimama nyuma ya Flora. Ambrosi aliuliza swali lake kwa upole, na kwa upole ule ule akaeleza sababu yake. Hakuruka kitu. Alipofika kwenye majani, wanawake mikekani waliacha kuimba.

Flora alisikiliza mpaka mwisho.

"Alikuwa anachelewa," alisema. "Watu walikuwa wanamsema kila siku pale foleni. Fundi gani huyo, fundi wa tarehe. Nilikuwa nasimama na ndoo yangu nasikia. Nikasema tutulize maji kwanza, wapate kunyamaza mpaka amalize mabati yake."

"Usiseme kitu, shemeji," Safari alisema. "Nyamaza kabisa. Huyu ametumwa. Mujibu alisema atamzika, na watu wamesikia. Ukisema hayo unayosema, watoto wa kaka yangu watakua wakiambiwa nini? Kwamba mama yao ndiye?"

"Hakuna sheria iliyovunjwa na Mama Bonifasi," Ambrosi alisema. "Lakini maneno yake ndiyo pekee yaliyobaki. Waliokuwa naye wamekana wote. Akinyamaza, Mujibu anapanda gari."

"Apande! Ngazi aliivuta nani?"

"Kama asingeivuta, Safari, ungekuwa wapi sasa? Jana uliitwa wa kwanza."

Safari alitazama miguu yake. Alikuwa amefika pale bohari akikimbia, amevua viatu tayari, akazunguka tundu lote akitafuta pa kushukia.

Mwanamke mmoja aliingia na ndoo ya maji ya msiba kichwani, hakujua kilichokuwa kikisemwa. Aliishusha karibu na mlango. Juu ya maji kitawi cha mkorosho kilizunguka kidogo, kikasimama, na maji yakasimama nacho.

Flora alijivuta mkekani mpaka kwenye ndoo. Alilitoa lile tawi, akalishika mkononi likidondosha maji kwenye khanga yake. Kisha akaisukuma ndoo kwa kiganja. Maji yakaenda upande ule, yakarudi upande huu, yakamwagika sakafuni, yakaenda tena. Hakuna aliyeyazuia. Wote chumbani walingoja mpaka yalipotulia yenyewe.

"Nilikuwa nachagua yenye majani mengi," Flora alisema. "Makubwa, ili yasizame upesi."

Nje, kwa mbali, injini ya gari iliwashwa.

"Andika, mwanangu," alimwambia Esha. "Andika upesi, kabla hawajamwondoa."